Robota Lililonukia Majani Mabichi

Siku ile bandani tulikuwa watano. Nilikuwepo mimi, mkubwa kwa watoto wanne ambao baba na mama walituacha mapema. Alikuwepo mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyefika jana yake kutoka Mpanda mjini, anakouza vipodozi kwenye duka la mtu huko Makanyagio. Alikuwepo baba mdogo, mwenye tumbaku. Alikuwepo mama mdogo, mkewe, na mafua yake ya wiki nzima. Na alikuwepo jirani yetu wa Kisukuma, mama wa makamo ambaye sote tulimwita mayu kwa sababu ndivyo watoto wake walivyomwita. Nawataja wote kwa sababu baadaye watu wa kijiji chetu cha Sibwesa waliulizana sana nani alikuwa bandani na nani alishika majani yapi, na wale ambao hawakuwepo ndio waliojua zaidi.

Kazi yetu ilikuwa kuchambua tumbaku iliyotoka kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia kwa moto. Unaketi chini, unaweka jani gotini, unalinyoosha kwa kiganja, unaliangalia rangi, urefu na madoa, kisha unalitupa kwenye fungu lake. La rangi ya limau huku, la rangi ya chungwa kule, la kahawia pale. Ukikosea, mteuzi wa tumbaku siku ya soko atakushushia daraja robota zima, mzigo wote uliofungwa kwa kamba, kwa ajili ya majani matatu. Mimi sikosei. Nasema hivyo bila majivuno, maana ndicho kitu pekee ninachokijua kwa hakika. Niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu watatu wasiache. Baba mdogo alitupa ekari moja kwenye kona ya shamba lake, akanifundisha kuchambua, nami tangu wakati huo nimemchambulia kila msimu. Wenzangu wakitafuta kazi wanaonyesha vyeti. Mimi nilikuwa naonyesha vidole.

Lakini tumbaku ina adabu mbaya. Ukiishika siku moja, inakushika mwezi. Inaingia kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye mshono wa gauni la kanisani. Nimejisugua kwa sabuni ya mche, kwa limau, kwa majivu, na bado nikiingia kanisani yule aliyekaa mbele yangu anageuka kuangalia kama kuna mzee wa kiko. Kwa miaka mingi sikuijali harufu hiyo kwa sababu sikuisikia. Pua ya mtu haimwambii mwenyewe.

Aliyeniambia ni mtoto wa mdogo wangu huyo wa mjini, msichana wa miaka minne. Nilikwenda kuwatembelea Nsemulwa walikopanga, nikampakata, akaninusa shingoni na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama mkubwa, wewe unavuta sigara?"

Mama yake alimkaripia. Kisha akainuka, akaenda kufungua dirisha.

Lile dirisha ndilo lililoniumiza. Maneno ya mtoto ni ya mtoto. Lakini mdogo wangu huyu nilimlisha kwa tumbaku ile ile, na madaftari yake ya sekondari yalikuwa yananuka tumbaku kwa sababu niliyafunika kwa karatasi za kutoka ghalani. Nilikunywa chai yangu, nikasifia pazia.

Sasa ndiyo maana alipokuja Sibwesa mwezi ule wa sita, alikuja na kichupa cha kijani, kirefu kama kidole cha kati, amekifunga ndani ya soksi kisivunjike.

"Dada, hii si ile ya maua ya kuumiza kichwa," aliniambia. "Hii ni ya majani. Ni mpya dukani, wanaigombania. Lete mkono."

Alinipulizia kwenye kifundo cha mkono. Nitaeleza nilichosikia kama nilivyokisikia. Kwanza ilikuja baridi, kama mnanaa uliosagwa kwenye meno. Nyuma ya mnanaa likaja ganda la limau. Kisha, baada ya kama muda wa kuteka ndoo mbili, kikatokea kitu ninachokijua: kivumbasi. Kile kichaka kinachoota nyuma ya choo chetu, ambacho tunakichoma kufukuza mbu. Na chini yake kabisa kulikuwa na majani mabichi tu, kama unapopita kwenye njia iliyofyekwa asubuhi na umande haujakauka.

"Umelipa hela kununua kivumbasi?" nilimuuliza.

"Dada!"

"Nakuuliza tu. Kile pale, nenda kakate bure."

"Dada, wewe mtu akikupa kitu sema asante kwanza, halafu ndiyo ubishe. Piga unyunyu huo unukie kama watu."

Kama watu. Nililiweka neno hilo mahali. Lakini ukweli ni kwamba alipoondoka kwenda kuoga, niliuinua mkono ule nikaunusa tena, na tena. Nilikasirika kwa sababu niliipenda. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba kunukia ni jambo la watu wengine, kama kujua kuendesha gari. Kumbe ngozi yangu nayo ilipokea. Haikuikataa. Nilikaa mlangoni na mkono puani kama mtu mwenye jeraha, nikajisikia mjinga, na sikuushusha.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda bandani, nilipulizia. Nilijua bandani hakuna wa kunisifia. Nilitaka mdogo wangu aone kwamba zawadi yake sikuitupa kabatini, maana ndivyo alivyozoea kunilaumu, kwamba kila anachonipa nakihifadhi hadi kioze. Aliniona, akafurahi, akaja na la kwake tena.

"Usipulize kwenye ngozi peke yake, inapotea na jasho. Puliza kwenye nguo. Kwenye nguo inakaa siku tatu."

Akakichukua kichupa mwenyewe, akakipulizia kitenge changu huku na huku kama mtu anayepulizia dawa mahindi.

Tukaingia bandani. Mayu aliinua kichwa kutoka kwenye fungu lake.

"Leo kuna bibi harusi humu ndani."

"Nani huyo?" mdogo wangu aliuliza, akicheka, maana alijua.

"Huyu mkubwa wenu. Ananukia kama mtu anayesubiri ng'ombe wa mahari."

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda, anajaza ugoro puani. Ugoro wa miaka thelathini umeiua pua yake, hanusi hata ugali ukiungua. Lakini maneno aliyasikia.

"Ng'ombe gani? Nyie wa ng'ombe mmeshindwa kuleta, mnabaki kunusa."

"Tukileta utawachunga wapi, mtani? Juzi ndama wawili tu wamekutoa jasho."

Tulicheka wote, hata mama mdogo na leso yake puani. Ni kweli ndama wawili wa mayu walikuwa wameingia kwenye shamba la baba mdogo, akawakimbiza na fimbo hadi mtoni. Yalikuwa yameisha. Hao wawili walitaniana hivyo tangu mayu na mumewe walipohamia kutoka kaskazini na mifugo yao, na hakuna aliyewahi kuudhika. Huo utani ndio nitakaourudia baadaye, kwa sababu ndipo alipojificha baba mdogo.

Tulichambua mpaka mchana. Mimi nilikuwa na fungu zuri kuliko yote, majani marefu ya rangi ya limau yasiyo na doa, yale ambayo yanaweza kulibeba robota la kwanza. Saa za alasiri upepo wa kiangazi ukaanza. Upepo ule ukiyapata majani yaliyochambuliwa yanakauka kama karatasi, na ukiyagusa yanavunjika. Dawa yake ni kuyafunika kwa gunia la katani lenye unyevu. Magunia yalikuwa matatu na mafungu manne. Nilitazama huku na huku. Nikavua kitenge changu, nikabaki na gauni, nikakilowesha kwenye ndoo, nikakikamua, nikalifunika fungu langu zuri. Kikalala pale usiku kucha.

Mchambuaji yeyote anajua sheria. Usichambue mikono ikiwa na mafuta ya taa. Usikaange samaki karibu na banda. Usiache unyoya wa kuku wala uzi wa mfuko wa mbolea. Tumbaku inanyonya harufu kama andazi linavyonyonya chai, na harufu ngeni ikiingia haitoki. Sheria hizo mimi ndiye ninayewafundisha wageni. Lakini nilikuwa nimekaa na kitenge kile tangu asubuhi, pua yangu ilishakizoea, na kwangu kilikuwa kitenge tu. Kesho yake nilikifunua, nikayapanga majani, mayu akanisaidia kushindilia na kufunga robota kwa kamba ya katani. Nilimwona ameinama, akanusa kidogo, akaniangalia, akatabasamu. Nilidhani bado ananitania kuhusu harusi. Mdogo wangu alipanda gari la mchana kurudi mjini.

Siku ya soko tulikwenda ghalani, baba mdogo, mayu na mimi. Waliofunga marobota huwa wanakwenda, ni desturi, ili kama kuna swali wawepo. Watu walijaa, wakulima wa vijiji vitatu wamekaa juu ya marobota yao. Mteuzi alikuwa kijana aliyevaa koti jeupe, anapita na chaki, anachomoa majani katikati ya robota, anayatandaza, anayanusa, anataja daraja, katibu wa chama cha msingi cha wakulima anaandika. Kwa lile robota letu la kwanza alichomoa, akatandaza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanusa. Akanusa tena.

"La nani hili?"

"La kwangu," baba mdogo alisema, amesimama vizuri, maana alitegemea sifa.

"Mzee, tumbaku yako imepitia saluni?"

Watu wakacheka. Baba mdogo naye alicheka kidogo, hakuelewa.

"Nusa mwenyewe."

Alinusa. "Mimi sisikii kitu."

"Una bahati. Katibu, hebu njoo."

Katibu alinusa, akafunga macho. "Mnanaa," alisema. "Au dawa ya meno."

"Hili halifai. Mtu akivuta hapa atadhani anapiga mswaki." Mteuzi alichora msalaba wa chaki juu ya robota. "Harufu ngeni hatupokei, mzee wangu. Rudisha nyumbani."

Harufu ilinifikia nilipokuwa nimesimama, kutoka kwenye majani yaliyotandazwa. Mnanaa, ganda la limau, kivumbasi, umande. Baada ya siku kadhaa bila kuipulizia, pua yangu ilikuwa imeamka.

Baba mdogo hajawahi kurudishiwa robota. Ni mtu ambaye wakulima wengine humwita kuja kuangalia bani zao kabla ya kuwasha moto. Vicheko vile vilimwingia, na akatafuta mahali pa kuvitupa. Akageuka.

"Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini, mtani?" mayu aliuliza.

"Leo si mtani. Ni mafuta yako hayo ya mnadani unayojipaka. Nilipowafukuza ndama wako ulinyamaza, ukacheka, kumbe umeliweka moyoni. Umekuja kunilipa kwenye robota langu. Nyie watu mkishiba maziwa mnadhani shamba la mwenzenu ni uchafu!"

Mayu alikuwa na mikono yake miwili mbele, ile mikono iliyofunga kamba. Aliniangalia mimi. Haikuwa hasira. Aliniangalia kama unavyomwangalia mwenzako mnapotaka kuinua gogo pamoja, ukisubiri aseme yuko tayari. Alijua. Alijua tangu siku ya kufunga, na alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe.

Sikusema.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiria nini. Niliwaona watu wale wote, kila mmoja ameshawahi kuniita kuchambua au alikuwa ananiita msimu huo. Niliviona vidole vyangu. Nikajiambia nitamwambia baba mdogo nyumbani, taratibu, mambo ya familia yanamalizwa kwenye familia. Ni sababu nzuri sana. Zote zilikuwa nzuri. Mayu alisubiri, kisha akajifunga khanga yake vizuri kiunoni, akatoka.

Nilimwambia baba mdogo mchana ule ule, jikoni, mama mdogo akimenya karanga.

"Baba, lile robota niliharibu mimi. Kitenge changu kilikuwa na manukato, nikafunikia majani."

Alinigeukia.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyekuwa unawafokea watoto kwa kula chungwa bandani?"

"Ndiyo, baba."

Nilitegemea anifokee. Ningependa angenifokea. Aliguna tu, akatoa kikopo chake cha ugoro.

"Basi, yameisha. Tutayatundika kwenye bani milango wazi, yapigwe upepo, tuuze kwa daraja la chini. Usiliseme tena."

"Na mayu?"

"Mayu amefanyaje?"

Mama mdogo aliacha karanga. "Mzee, umemtukana mwenzio mbele za watu, bure."

"Nilikuwa namtania. Wale si watani zetu? Mtani haombwi radhi."

"Ulisema leo si mtani," nilimkumbusha. "Ulisema kwa mdomo wako."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale na mdomo wako," alinijibu. "Mbona haukufunguka?"

Nilitoka nje nikampigia mdogo wangu simu, nadhani ili nipate mtu wa kumkasirikia. Nilimsimulia.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekosea kukupa zawadi?"

"Sijasema hivyo."

"Unataka kusema. Dada, miaka yote hii natafuta kitu cha kukupa wewe, kitu cha mwili wako, si sukari wala unga ambao utawagawia watu. Nakipata, na wewe unakwenda kuivisha tumbaku!"

Nilianza kucheka, naye akacheka, kisha nikasikia analia. Nikamwambia akamlaze mtoto. Ilikuwa saa tisa mchana, mtoto hakuwa na haja ya kulala. Ndivyo ninavyofanya siku zote mmoja wa wadogo zangu akilia, ninampa kazi.

Asubuhi nilikwenda kwa mayu. Nilimkuta anakama.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Hakugeuka.

Nilimweleza yote, pale pale nimesimama kwenye samadi. Kitenge, gunia lililopungua, jikoni kwa baba mdogo. Alimaliza kukama, akafunika kibuyu.

"Nilikuangalia. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ningeweza kusema ni wewe. Ningesema, wote wangetunusa mimi na wewe, wangejua. Nikasema hapana, huyu mkubwa wa yatima, aseme mwenyewe, isiwe mimi niliyemvua nguo mbele ya watu." Alikaa kwenye jiwe. "Jana walikuwa wanakuja watu wawili kunichukua nikawachambulie. Hawakuja. Leo asubuhi mmoja nimekutana naye njiani, anasema kazi imepungua. Imepungua lini? Bani zao zimejaa."

"Nisamehe, mayu."

"Hapa kwenye ng'ombe?" alisema. "Ng'ombe hawakuwa na neno na mimi. Nilitukanwa ghalani. Kilichoharibikia ghalani kitengenezwe ghalani. La kwako ni la kunyamaza, lilete. La baba yako mdogo ni la matusi, alilete mwenyewe, usimbebee. Usibebe kila kitu cha kila mtu, wewe. Utapinda."

Zilipita wiki mbili hadi soko lililofuata, la mwisho la msimu. Majani tuliyatundika kwenye bani, na kila nilipopita mlangoni harufu ilinijia, imepungua, tamu bado. Hilo liliniudhi kuliko yote. Ningependa iwe imegeuka, iwe chungu, iwe inanuka kosa. Ilikuwa nzuri vile vile kama siku ya kwanza mlangoni.

Siku ya soko baba mdogo alisema goti linamuuma, niende mimi. Nikamwambia nenda japo kwa baiskeli, nitakusukuma. Akasema goti. Nikakitoa kichupa. Nilijipulizia shingoni, mikononi na kwenye kitenge kile kile, kisha nikapulizia tena, mpaka mama mdogo akapiga chafya. Nilitaka asiwepo wa kusema namkingia mtu.

Nilipofika sikuingia. Nilisimama nje ya mlango wa ghala, upepo ukitoka nyuma yangu kuingia ndani, na sikuhitaji kuita. Vichwa viligeuka vyenyewe.

"Hiyo harufu!" katibu alipiga kelele. "Nani huyo? Asisogelee marobota!"

"Ni mimi," nilisema. "Na siku ile ilikuwa ni mimi. Kitenge hiki ndicho nilichofunikia tumbaku ya baba mdogo. Mayu hakuharibu kitu. Mayu alijua ni mimi na akanyamaza ili niseme, na mimi sikusema. Nasema leo."

Hawakujua wafanye nini. Mmoja akasema, "Kwa hiyo mchambuaji wetu ndiye huyu?" Mwingine akasema, "Msimu ujao tutamchambulisha sabuni." Wakacheka, na nikawaacha wacheke. Mzee mmoja ambaye nimemchambulia misimu tisa alitazama pembeni, na nilielewa kwamba hataniita tena. Mayu alikuwa amekaa upande wa kivuli. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia njia nyuma yangu, akaangalia muda wa kutosha, kuona kama kuna mtu mwingine anayekuja kwa miguu au kwa baiskeli. Hakukuwa na mtu.

"Nusu imefika," aliniambia nilipompita.

Robota letu, tulilolifunga upya na kulituma mapema, lilipokelewa kwa daraja la chini, wakafunga soko. Watu wawili walimrudia mayu kwa kazi, si wote. Wengine wanasema maneno ya mwanamume kama baba mdogo hayafutwi na maneno ya msichana, hata kama ni kweli, na mimi nina miaka thelathini na mbili.

Baadaye baba mdogo alinituma nimpelekee mayu debe la mahindi. Nilimuuliza ni la nini. Akasema la ujirani. Nilijua si la ujirani, lakini nilibeba, ni kazi niliyozoea. Mayu alilitazama debe, akatazama ghala lake lililojaa.

"Mahindi nililima mwenyewe," alisema. "Mrudishie. Mwambie sijamdai chakula."

Nilimrudishia, nikamwambia. Alikasirika siku mbili.

Wachambuaji wa msimu ujao wataitwa ghala litakapofunguliwa tena, na mayu ameshaniambia hatakanyaga banda letu kabla baba mdogo hajasimama pale penye watu na kusema alikosea. Mimi nimeshaandaa kitalu cha miche kwenye ekari yangu. Kila Jumapili baada ya ibada ninapita kwa baba mdogo, ninamsalimia kwa heshima, ninakunywa alichonipa mama mdogo, kisha ninamkumbusha. Sipandishi sauti. Ninasema, "Baba, lile la mayu bado." Ameshanijibu kwamba goti, ameshanijibu kwamba utani, ameshanijibu kwamba mtoto hamfundishi mzazi.

Jumapili iliyopita aliangalia mbinguni muda mrefu, akanijibu kwamba mvua zimechelewa.

"Ndiyo, baba," nilimwambia. "Zimechelewa. Na lile la mayu bado."